Mkono mrefu ni wa mwizi, si wa sheria: Nahau za viungo vya mwili na mitego ya tafsiri

“MSHUKIWA alikwepa polisi kwa muda wa miezi mitatu kabla ya mkono mrefu wa sheria kumfikia.”

Sentensi ya aina hii si ngeni kwa msomaji wa habari za Kiswahili humu nchini. Imesikika redioni, imechapishwa magazetini na huenda hata wewe, mpenzi msomaji, umewahi kuiandika katika insha. Hata hivyo, mzee wa Lamu au wa Vanga aliyelelewa katika Kiswahili tangu utotoni anapoisikia kwa mara ya kwanza, hana budi kujiuliza: sheria nayo imeanza lini kuiba?

Mzee huyo ana haki ya kushangaa. Katika Kiswahili, mtu mwenye mkono mrefu ni mwizi au mdokozi. Ni yule ambaye ukimkaribisha nyumbani, unahesabu vijiko kabla na baada ya ziara yake. Katika Kiingereza, mkono mrefu ni ishara ya mamlaka yanayofika mbali. Mwandishi amechukua picha ya Kiingereza akaivika maneno ya Kiswahili, pasi na kukumbuka kwamba maneno hayo yalikuwa tayari na kazi nyingine.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza nahau zinazotokana na viungo vya mwili katika lugha hizi mbili, kueleza ni kwa nini hazitafsiriki neno kwa neno, na kumpa mwanafunzi, mwanahabari na mfasiri mwongozo wa kuepuka mitego iliyomo.

Nahau ni nini?

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda. Anayejua maana ya ‘piga’, ‘moyo’ na ‘konde’ bado hatajua kwamba kupiga moyo konde ni kujipa ujasiri, mpaka aelezwe au alisikie fungu hilo likitumiwa.

Nahau hutofautiana na methali kwa muundo. Methali ni kauli kamili inayojitegemea: ‘Mkono mmoja haulei mwana.’ Nahau aghalabu ni kipande cha sentensi kinachosubiri kuingizwa katika usemi, na kitenzi chake hufuata nafsi na wakati kama vitenzi vingine: nilipiga moyo konde, watapiga moyo konde, tupige moyo konde.

Lakini kunyumbulika huko kuna mipaka. Hata wakiwa wafuasi elfu kumi, walimuunga kiongozi wao mkono; hawakumuunga ‘mikono’. Nomino katika nahau hii haibadiliki kwa idadi, kwa kuwa mkono unaozungumziwa si ule wenye vidole vitano. Kadhalika, katika ‘kumuunga mkono’ irabu ‘u’ hujitokeza mara mbili, ya kwanza ikiwa ya kiambishi cha mtendwa na ya pili ya mzizi wa kitenzi. Wengi huiangusha moja na kuandika ‘kumunga’, jambo ambalo ni kosa.

Kwa nini mwili?

Hakuna lugha inayojulikana isiyokuwa na misemo ya viungo vya mwili, na sababu yake haiko mbali. Mwili ndicho chombo cha kwanza ambacho binadamu hukijua. Kabla mtoto hajafahamu mlima, mto au soko, hufahamu mkono unaomlisha na mgongo unaombeba. Katika kitabu chao cha mwaka 1980 kuhusu sitiari tunazoishi nazo, wasomi wa Marekani George Lakoff na Mark Johnson walishikilia kwamba binadamu huyaelewa mambo yasiyoshikika kwa kuyafananisha na yale ambayo mwili wake umeyapitia.

Ikiwa mwili wa Mswahili na wa Mwingereza ni mmoja, mbona basi nahau zao zitofautiane? Sababu ziko mbili.

Mosi, lugha haziukati mwili vipande vinavyolingana. Neno ‘mkono’ katika Kiswahili huchukua sehemu yote kuanzia begani hadi ncha za vidole. Kiingereza kina maneno mawili hapo, moja la kiganja na vidole, jingine la sehemu inayobaki, na kila moja limejizalia nahau zake. Ndivyo ulivyo pia ‘mguu’. ‘Kidole’ chetu ni cha mkononi na cha mguuni vilevile, ilhali Mwingereza hutenganisha. Kwa upande wetu, tunalo neno ‘kisogo’, sehemu ya nyuma ya kichwa, na tumelifanyia kazi kubwa: kumpa mtu kisogo ni kumpuuza au kumwacha, na kuipa dunia kisogo ni kufariki.

Pili, kila lugha hugawa kazi kwa viungo kulingana na mila na imani za wenyewe. Moyo, ini, nyongo na tumbo vyote vimewahi kudhaniwa kuwa makao ya hisia mahali fulani duniani, na kila jamii iligawa kazi hizo kivyake. Kutokana na mgawo huo ndipo huzuka mitego.

Kiungo kile kile, maana mbalimbali

Mtego wa kwanza na mbaya zaidi ni pale ambapo lugha zote mbili zina nahau ya kiungo kimoja, kwa maneno yanayokaribiana, lakini maana hazikutani. Mfasiri huona maneno anayoyajua akadhani amefika.

Mkono. Tumekwisha kuona mkono mrefu. Mwizi wa Kiingereza hana mkono mrefu bali ana vidole vyepesi. Katika Kiswahili, mkono ni kiungo cha kutoa na kunyima: mwenye mkono wazi ni mkarimu, mwenye mkono wa birika ni bahili. Mkono pia hubeba salamu za nyakati maalumu. Kuna mkono wa Idi, mkono wa buriani, na mkono wa tanzia wanaopewa waliofiwa. Anayeutafsiri mkono wa tanzia kwa Kiingereza kama mkono tu atakuwa amewanyima wafiwa rambirambi zao.

Moyo. Katika Kiingereza, kumpa mtu moyo ni kumpenda. Katika Kiswahili, kumpa mtu moyo ni kumhimiza asikate tamaa. Mwalimu huwapa wanafunzi moyo kabla ya mtihani, na hakuna anayemshuku kwa lolote. Vivyo hivyo, aliyevunjika moyo katika Kiswahili asilia ni aliyekata tamaa: mkulima aliyeona mahindi yakikauka, mwanariadha aliyeshindwa mara tatu. Aliyevunjwa moyo katika Kiingereza ni yule aliyeachwa na mpenzi au aliyefikwa na huzuni kuu. Siku hizi maana hii ya Kiingereza imeanza kupenya katika nyimbo na mazungumzo ya vijana, hivi kwamba sentensi ‘Juma alimvunja moyo Halima’ inahitaji muktadha ndipo tujue kama Juma alimkatiza Halima masomo au alimwacha kwa mwingine.

Macho. Mtu wa macho makavu, au mkavu wa macho, katika Kiswahili ni asiyeona haya. Anakudanganya huku amekukazia macho. Katika Kiingereza, jicho kavu ni jicho lisilotoa machozi. Mwingereza anaposema kwamba baada ya hotuba ukumbini hapakusalia jicho kavu hata moja, ana maana kwamba watu wote walilia. Ukiitafsiri kauli hiyo kama ilivyo, utakuwa umesema kwamba ukumbi wote ulishikwa na haya. Kumbuka pia kwamba Kiswahili hulipunguza jicho ili kulitia ubaya: kijicho si jicho dogo bali ni husuda.

Kichwa. Mwenye kichwa kigumu katika Kiswahili ni mzito wa kuelewa masomo. Katika Kiingereza, anayesemwa kuwa na kichwa kigumu huenda akawa anasifiwa, hasa katika biashara, kwamba hatawaliwi na hisia. Kichwa maji kwetu ni mtu asiyetumia akili. Na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa, ni nahau ambayo mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki hawaihitaji kuelezwa, hasa timu yao inapofungwa na kila mgeni.

Pua. Mwingereza hulipa kupitia pua anapotozwa bei ya juu mno. Kwetu, jambo humtokea mtu puani pale ambapo raha aliyoipata inamgeukia kuwa majuto. Pua zote mbili zinaumia, ila ya kwanza inauma kwa sababu ya fedha, ya pili kwa sababu ya matokeo ya matendo.

Sikio. Katika Kiswahili, kumng’ata au kumuuma mtu sikio ni kumnong’oneza jambo la siri. Kiingereza hakina nahau hiyo kwa maana hiyo. Usiku wa Juni 28, 1997 jijini Las Vegas, Mike Tyson alimng’ata Evander Holyfield sikio ulingoni, na wala hakuwa akimpa siri yoyote.

Maana moja, viungo mbalimbali

Mtego wa pili una nafuu, kwa sababu ukishatambuliwa hugeuka kuwa utajiri. Hapa lugha zote mbili zina nahau ya maana moja, lakini kila lugha imekabidhi kazi hiyo kiungo tofauti.

Woga. Mwingereza akiogopa sana, moyo wake hupanda mpaka mdomoni. Mswahili huishika roho yake mkononi. Wakazi wa eneo lenye majambazi huishi roho mkononi. Kabla ya mtihani au harusi, Mwingereza huhisi vipepeo tumboni. Vipepeo hao wametafsiriwa na kurushwa katika insha nyingi za shule, ilhali tumbo letu lilikuwa na jina lake tayari: tumbojoto. Neno hili limepata makao mazuri katika vichwa vya habari za siasa, hasa nyakati za uteuzi na kura za mchujo.

Kughairi kwa hofu. Anayetaka kujitoa dakika ya mwisho, kwa Kiingereza, amepata miguu baridi. Kwa Kiswahili amenywea, au amefyata mkia. Kwamba binadamu hana mkia hakujatuzuia.

Kukimbia. Mwingereza humwelezea anayetoroka kwa jinsi anavyoonekana na wanaobaki nyuma: ameonyesha visigino safi. Mswahili huingia ndani ya mkimbiaji mwenyewe, akaisikia dua yake: ametoka mguu niponye.

Urafiki wa dhati. Kwetu marafiki wasioachana ni chanda na pete. Kiingereza kina mkono na glavu, lakini tahadhari: mara nyingi glavu hiyo hutumiwa kwa watu wanaoshirikiana katika njama, kwa mfano maafisa na walanguzi. Chanda na pete hawana njama, wana mapenzi.

Ujasiri. Mwingereza humwambia mwenzake aliye taabani ainue kidevu, na husifu mdomo wa juu usiotetemeka. Mswahili humwambia apige moyo konde, au ajikaze kisabuni.

Kutotaka. Afanyaye jambo bila kupenda, kwa Kiswahili, hulifanya shingo upande. Shingo ya Kiingereza ina shughuli nyingine: aitoaye nje amejihatarisha, na msumbufu ni maumivu ya shingo.

Chuki na uchungu. Hapa ndipo viungo vya ndani vya Kiswahili vinapong’ara. Maneno makali humkata mtu maini. Mambo yaliyoharibika yametumbukia nyongo, picha ambayo kila aliyewahi kupasua kuku au samaki bila uangalifu anaifahamu. Mtimanyongo ni mtu mwenye roho ya husuda. ‘Mtima’ ni neno la kale la moyo, kwa hivyo nahau hiyo imeuchovya moyo ndani ya nyongo.

Zinazofanana, na asili yake

Si haki kudai kwamba lugha hizi hazikutani kabisa. Tunasimama bega kwa bega, tunanyosheana kidole cha lawama, ulimi wetu huteleza, nywele hutusimama, na ushauri huingia sikio hili ukatokea lile. Kiingereza kina nahau kama hizo hizo. Baadhi zimezuka pande zote mbili kwa sababu mwili ni mmoja: hofu huzisimamisha nywele za kila mtu, Mombasa na Manchester.

Nyingine zilitoka katika chemchemi moja. ‘Jicho kwa jicho, jino kwa jino’ imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, na kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa Babeli katika sheria za Mfalme Hammurabi karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Yesu, yapata mwaka 1750. Kunawa mikono, kwa maana ya kujitoa katika lawama, kumetokana na kisa cha Pilato katika Injili ya Mathayo, sura ya 27. Lugha zote mbili ziliipokea nahau hiyo kupitia Biblia, na sasa hutumiwa hata na wasiojua ilikotoka.

Mfano ulio bora zaidi wa chemchemi hiyo ni mboni ya jicho. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 32, imeelezwa jinsi Mungu alivyowatunza watu wake kama mboni ya jicho. Waebrania waliiita mboni kwa neno lenye maana ya mtu mdogo, kwa sababu ukimtazama mwenzako kwa karibu unajiona ukiwa mdogo ndani ya jicho lake. Waingereza wa kale waliiita mboni ‘tufaha’, kwa kuidhania kuwa tonge la mviringo, na Biblia yao ya mwaka 1611 ikaitia nguvu nahau hiyo. Kiswahili kilikuwa na neno ‘mboni’ na kikalitumia. Basi mwanafunzi anayeandika leo kwamba kitinda mimba ni ‘tufaha la jicho la babake’ amezunguka mbali kulitafuta tunda, na mboni alikuwa nayo nyumbani.

Katika historia ya nchi yetu, nahau ya mwili imewahi hata kuwa falsafa ya utawala. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Agosti 22, 1978, aliyekuwa makamu wake, Daniel arap Moi, alichukua hatamu na kuahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Wayo ni sehemu ya chini ya mguu na pia alama inayoachwa na sehemu hiyo. Kutoka katika nahau hiyo ya kawaida, neno ‘Nyayo’ likawa jina la enzi nzima: Uwanja wa Nyayo, Jumba la Nyayo, na maziwa ya Nyayo waliyokunywa watoto wa shule za msingi. Wengi wa watoto hao walikua wakidhani Nyayo ni jina la mtu.

Hata Kiingereza huazima

Msomaji asije akadhani kwamba kutafsiri nahau neno kwa neno ni dhambi isiyosameheka. Kiingereza chenyewe kimefanya hivyo. Nahau yake ya ‘kupoteza uso’, yaani kufedheheka mbele ya watu, ilitafsiriwa kutoka Kichina katika karne ya 19 na Waingereza waliokuwa wakiishi China. Nahau ya ‘bega baridi’, yenye maana ya kumpuuza mtu kwa makusudi, ilianza kuonekana katika maandishi ya Mskoti Walter Scott, kwenye riwaya yake ya mwaka 1816, ikiwa katika lahaja ya Kiskoti. Baadaye watu walijitungia hadithi kwamba ilitokana na kumpakulia mgeni asiyetakikana nyama baridi ya bega la kondoo. Hadithi hiyo ni tamu lakini haina ushahidi.

Tofauti ni hii: ‘kupoteza uso’ ilipoingia katika Kiingereza haikukuta nahau nyingine yenye maneno hayo hayo na maana tofauti. Ilijaza pengo. ‘Mkono mrefu wa sheria’ haukujaza pengo lolote. Ulimkuta mwizi ameketi kitini na ukamkalia mapajani.

Kuna pia nahau za kigeni ambazo hazigongani na chochote, lakini hazimwambii msikilizaji chochote. ‘Kumvuta mtu mguu’ kwa maana ya kumtania ni mojawapo. Asiyejua Kiingereza atadhani kuna mtu anayeburutwa. Kiswahili kina kumfanyia mzaha, kumtania, na kumchezea shere. ‘Kuua kwa damu baridi’ ni nyingine, na imezagaa katika habari za uhalifu. Aliyeuawa hivyo ameuawa kinyama, bila huruma. Na kitu kilichogharimu ‘mkono na mguu’ kina bei isiyoshikika.

Panapoumia

Huenda mtu akauliza: kuna hasara gani, mradi tumeelewana? Hasara ipo, na mahali inapoonekana wazi ni mahakamani.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumiwa katika kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Hivyo basi, uhuru wa mtu waweza kutegemea jinsi mkalimani anavyoielewa nahau moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi anaieleza mahakama: “Nilimwona mshtakiwa akimng’ata sikio mlinzi, kisha lango likafunguliwa.” Shahidi ameeleza njama: mshtakiwa alimnong’oneza mlinzi jambo. Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, kumbukumbu za mahakama zitaonyesha shambulio lililomjeruhi mlinzi, na mlinzi aliyekuwa mshiriki katika njama atageuka kuwa mwathiriwa. Shahidi mwingine aseme kwamba mshtakiwa “ana mkono mrefu tangu utotoni”, naye mkalimani amgeuze mdokozi huyo kuwa mtu mwenye ushawishi mkubwa. Hakuna aliyesema uongo, ila ukweli umepotea njiani.

Hatari hiyo huja pia kutoka upande wa pili. Kiongozi wa mashtaka akisema kwa Kiingereza kwamba mtu alikamatwa akiwa na mkono mwekundu, hakusudii damu. Nahau hiyo ilitokana na sheria za kale za Scotland kuhusu muuaji aliyenaswa kabla ya kuosha damu mikononi, lakini leo hutumiwa hata kwa aliyefumaniwa akiiba mkate. Mshtakiwa atakayeambiwa kwa Kiswahili kwamba alikuwa na ‘mkono mwekundu’ atakana kwa dhati, na atakuwa anasema kweli.

Darasani, hasara ni ya polepole. Mwanafunzi anayerusha vipepeo na kuvuta miguu katika insha yake hudhani anaipamba, kumbe anamfanya msomaji aitafsiri upya kwa Kiingereza ndipo aielewe. Akifanya hivyo kwa miaka kumi na miwili ya masomo, chanda na pete, shingo upande na mguu niponye hazitapata wa kuzirithi.

Mwongozo kwa anayetafsiri

Kwa minajili ya kuepuka mitego hii, hatua zifuatazo zitafaa:

1. Itambue nahau. Sentensi ikitaja kiungo cha mwili na maana ya moja kwa moja ikawa kichekesho au ikakosa mantiki, simama hapo. Huenda umekutana na nahau.

2. Iulize maana na hisia zake. Je, inasifu au inashutumu? Ni ya mzaha au ya uzito? Mkono na glavu na chanda na pete zimetufunza kwamba maana kukaribiana hakutoshi.

3. Kisahau kiungo. Itafute nahau ya Kiswahili yenye maana hiyo, hata kama imejengwa kwa kiungo kingine au haina kiungo kabisa. Aliyeponea kwenye ngozi ya meno kwa Kiingereza ameponea chupuchupu kwa Kiswahili, na meno yake hayahitajiki.

4. Ukikosa nahau, sema wazi. ‘Aliogopa’ ni Kiswahili kizuri. Lugha nyepesi inayoeleweka ni bora kuliko pambo linalopotosha.

5. Chunguza kama maneno yako yana maana nyingine tayari. Hili ndilo kosa la mkono mrefu. Fungua kamusi penye jina la kiungo hicho, na usome maelezo yote hadi mwisho.

6. Msomee mtu asiyejua Kiingereza. Akicheka mahali ambapo hukukusudia kichekesho, au akinyamaza mahali ulipotarajia acheke, rudi ukarekebishe.

Ilivyopasa kuandikwa

Turejee kwa mshukiwa wetu aliyekwepa polisi kwa miezi mitatu. Mwandishi angeweza kusema kwamba alitiwa mbaroni au alitiwa nguvuni, na habari ingekamilika. Kama alitaka pambo, lilikuwepo kabla ya yeye kuzaliwa. Wahenga walisema kwamba siku za mwizi ni arubaini, na kutokana na methali hiyo Kiswahili kikapata usemi unaobeba yote yaliyokusudiwa na mkono wa sheria wa Kiingereza: kwamba mhalifu aweza kukimbia lakini hatimaye atapatikana.

Basi sentensi ingesomeka hivi: “Mshukiwa huyo mwenye mkono mrefu alikwepa polisi kwa muda wa miezi mitatu kabla ya arubaini zake kufika.” Mkono mrefu ungekuwa umerudi kwa mwenyewe, na mzee wetu wa Lamu angeendelea kusoma gazeti lake bila kushtuka.